SOMO: UBAO WA MATANGAZO WA KOMPYUTA NA KAZI YA KATIBU

Kwa makatibu, wajumbe wa kamati na vikundi vya masomo vya vyama vya msingi, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Utangulizi



Kila ofisi ya chama cha msingi ina ubao wa matangazo. Pengine ni kipande cha mbao kilichopigiliwa misumari kwenye kibaraza, pengine ni sehemu ya ukuta iliyopakwa rangi nyeusi. Hapo ndipo mkulima husimama kabla ya kuingia kwa katibu, asome bei, asome tarehe ya mkutano mkuu, aone kama pembejeo zimefika. Ubao huo una kasoro moja tuijuayo sote: humfaa yule tu aliyefika. Mwanachama wa Lituhi hawezi kuusoma ubao ulioko Mbinga mjini, na tangazo lililobandikwa Jumatatu huenda likanyeshewa na mvua kabla ya Ijumaa.

Somo la toleo hili lahusu ubao wa namna nyingine, yaani ubao wa matangazo uliowekwa ndani ya kompyuta na kusomwa kwa njia ya simu. Mbao za namna hiyo zilienea duniani katika miaka ya 1980 na 1990, kabla intaneti haijafika kwa watu wengi. Siku hizi zimebaki chache, wala hatukishauri chama chochote kianze kutafuta laini ya simu ya waya kwa ajili hiyo. Twausoma kwa sababu mbili. Kwanza, ubao huo ulibuniwa kwa ajili ya watu wenye laini moja mbovu, fedha kidogo na umbali mkubwa baina yao, na hali hiyo sisi wa Ruvuma twaifahamu. Pili, kanuni za kuuendesha ndizo kanuni za ofisi njema ya ushirika, na chama kinachozishika kitafaidika hata kikitumia chombo kingine.

1. Ubao huu ni kitu gani

Chukua kompyuta moja, uiunganishe na laini ya simu, kisha uiachie iwake usiku na mchana. Mtu mwenye kompyuta yake mahali pengine hupiga namba ile. Kompyuta hupokea, humwuliza jina na neno lake la siri, kisha humfungulia mlango. Akishaingia huona orodha ya mambo: matangazo, barua zake, mazungumzo ya wanachama, na maktaba ya nyaraka. Husoma anachotaka, huandika jibu lake, hukata simu. Baada yake huingia mwingine, asome yaliyoandikwa na wa kwanza.

Angalia jambo hili vizuri, maana ndilo msingi wa somo zima. Wawili hao hawakuhitaji kuwa kwenye simu kwa wakati mmoja. Wa kwanza aliacha maneno yake, ubao ukayatunza, wa pili akayakuta. Kazi ya ubao ni kupokea, kuhifadhi na kupeleka.

Watu wa mwambao hawatashangaa. Kwa miaka mingi meli ya MV Songea ilipita katika ziwa letu baina ya Itungi na Mbamba Bay, ikitia nanga Manda, Liuli na kwingineko. Mwenye mzigo wa Liuli hakulazimika kumwona mpokeaji wa Itungi uso kwa uso. Aliuacha mzigo bandarini ukiwa na jina na hati, meli ikaja kwa siku yake, ikauchukua. Mzigo ulichelewa, lakini ulifika ukiwa mzima na ukiwa na hati. Ubao wa kompyuta ni bandari ya maneno.

2. Ubao ulikotoka na ulivyofika kwetu

Ubao wa kwanza wa namna hii ulianza kazi tarehe 16 Februari 1978 katika mji wa Chicago, Marekani. Waliouunda ni Ward Christensen na Randy Suess, wanachama wa klabu moja ya wapenda kompyuta. Theluji kubwa ya Januari mwaka ule iliwafungia watu majumbani, nao wakaitumia nafasi hiyo kutengeneza ubao wa kuwekea matangazo ya klabu yao. Hivyo asili ya chombo hiki si kampuni wala serikali. Asili yake ni chama cha watu waliotaka kupashana habari.

Mwaka 1984 kijana mmoja wa San Francisco, Tom Jennings, alipiga hatua ya pili. Alitunga programu iliyouwezesha ubao mmoja kuupigia ubao mwingine simu usiku na kubadilishana barua bila mtu kuwapo. Mtandao huo aliuita Fidonet. Mwaka 1986 Jeff Rush wa Dallas aliongeza njia ya kufanya mazungumzo ya pamoja, ili neno lililoandikwa kwenye ubao mmoja lionekane kwenye mbao zote zilizojiunga. Kuanzia hapo mbao zilizokuwa peke yake ziligeuka kuwa kitu kinachofanana na chama kikuu, ambamo kila chama cha msingi kina ofisi na daftari lake, lakini vyote vinapashana habari.

Afrika ilipewa kanda ya 5 katika mtandao huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira liitwalo ELCI, lenye makao Nairobi, lilikuwa na kituo cha Fidonet kilichohudumia mashirika yasiyo ya kiserikali. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, nacho kilikuwa na kituo. Barua za vituo vingi vya Afrika zilipitia mlango uliotunzwa na shirika la GreenNet la London, ambalo Karen Banks alilifanyia kazi kubwa ya kuviunganisha vituo hivi na ulimwengu. Kule Zambia, Chuo Kikuu cha Zambia kilianza kwa njia hiyohiyo mwaka 1991, kikipitishia barua zake Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kazi hiyo ilizaa kampuni ya intaneti ya Zamnet mwaka 1994.

Madaktari nao hawakukaa nyuma. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliunda mtandao wa HealthNet, uliofika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Palipokuwa na simu ilitumika simu, kwa utaratibu wa Fidonet. Palipokosa simu ya kuaminika kilitumika chombo kidogo cha angani. Setilaiti ya HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993. Iliizunguka dunia kwa muda wa dakika 100 hivi, na kila ilipopita juu ya kituo ilichukua barua zilizongoja na kuacha zilizoletwa. Ilikuwa meli yetu ya MV Songea, ila njia yake ilikuwa mbinguni.

3. Vifaa

Ubao ulihitaji vitu vitano tu.

(a) Kompyuta. Ya kawaida kabisa ilitosha. Mbao nyingi ziliendeshwa na mashine ambazo ofisi nyingine zilikuwa zimezistaafisha.

(b) Modemu. Simu ya waya iliundwa ipitishe sauti ya mtu, hali kompyuta haina sauti, ina tarakimu 1 na 0. Modemu huzigeuza tarakimu kuwa milio, na modemu ya upande wa pili huigeuza milio kuwa tarakimu tena.

(c) Laini ya simu. Ilifaa iwe ya ubao peke yake. Chama kilicholazimika kuchangia laini moja kati ya ubao na mazungumzo ya ofisi kilipanga saa: mchana wa katibu, usiku wa ubao. Na mahali ambapo simu zilipitia kwa opereta, watu wawili walizungumza kwanza kwa midomo, wakakubaliana, kila mmoja akawasha modemu yake kwa mkono, ndipo wakaziachia mashine nafasi.

(d) Programu. Zilikuwapo nyingi, na baadhi yake zilitolewa bure. FrontDoor na BinkleyTerm zilitumika sana kupokea simu na kubadilishana barua za usiku.

(e) Umeme wa kuaminika. Kompyuta ikizimika ghafla katikati ya kuandika, huweza kuharibu faili. Kwa hiyo betri na kifaa cha kudhibiti umeme si anasa. Katika milima ya Umatengo, ambako mvua za radi ni jambo la kila mwaka, ongeza kanuni moja: mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa simu na waya wa umeme. Radi hupitia kote kuwili.

4. Hesabu ya laini

Katibu asiyepiga hesabu ya laini atawaahidi wanachama jambo lisilowezekana. Tupige hesabu pamoja.

Modemu ya mwanzo ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Herufi moja ilihitaji biti 10 pamoja na alama za kuianzisha na kuimaliza, kwa hiyo zilipita herufi 30 kwa sekunde. Ukurasa wenye herufi 2,400 ulichukua sekunde 80. Modemu ya biti 2,400 iliupitisha ukurasa huo kwa sekunde 10. Barua 30 za ukurasa mmoja mmoja zilihitaji sekunde 300, yaani dakika 5. Zikifinywa kwanza kwa programu ya kubana nyaraka, mpaka zikawa nusu ya ukubwa wake, dakika mbili na nusu zilitosha. Linganisha na katibu anayezisoma barua 30 kwa mdomo, mwenzake akiandika kwa kalamu upande wa pili.

Sasa hesabu ya wasomaji. Laini moja humpokea mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Ubao ukiwa wazi kwa watu saa 12 kwa siku, na kila mtu akipewa dakika 20, hawawezi kuzidi 36. Ukimwachia mmoja aketi saa mbili, umewanyima watu watano zamu yao. Ndiyo sababu mbao nyingi ziliweka kikomo cha muda. Mkulima anayengojea mizani hahitaji kuelezwa zaidi.

Liko pia jambo la laini chafu. Waya mrefu una kelele, na kelele hugeuza herufi. Bei ya 4,500 yaweza kufika ikisomeka 4,900. Dawa yake aliibuni Ward Christensen mwaka 1977, kabla hata ya ubao wenyewe. Nyaraka hukatwa vipande vya herufi 128, na kila kipande hufuatana na jumla yake. Mpokeaji hujumlisha upya. Jumla zikilingana hujibu kuwa amepokea, na zisipolingana huomba kipande kilekile kirudiwe. Hivyo ndivyo karani wa ghala afanyavyo magunia yanaposhushwa kutoka kwenye lori: hakubali kwa macho, hupima na kulinganisha na hati ya mzigo. Utaratibu wa baadaye, uliotungwa na Chuck Forsberg mwaka 1986 na kuitwa ZMODEM, uliongeza faida nyingine. Simu ikikatika katikati, kazi huendelea pale ilipokomea, haianzi upya.

5. Kuupanga ubao

Tuchukue mfano kwa ajili ya zoezi. Tuseme vyama vinne vimekubaliana kuwa na ubao: kimoja cha wakulima wa kahawa Mbinga mjini, na vitatu vya mwambaoni, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, vyenye wakulima wa mpunga na mihogo na wavuvi wa usipa. Ubao wao ugawanywe vyumba gani?

Chumba cha kwanza kiwe cha matangazo rasmi. Humu huandika katibu peke yake, wengine husoma. Chumba cha pili kiwe cha bei na masoko. Kwa miaka mingi kahawa ya Mbinga ilinadiwa Moshi, upande wa pili wa nchi, na mkulima wa Umatengo aliisikia bei baada ya watu wengi kuipitisha midomoni. Bei ni habari inayogeuka fedha, kwa hiyo chumba chake kisichanganywe na salamu. Chumba cha tatu kiwe cha barua za mtu na mtu. Cha nne kiwe cha majadiliano, ambamo kila mwanachama aweza kuuliza na kupinga. Cha tano kiwe maktaba ya nyaraka: masharti ya chama, mihtasari ya mikutano mikuu, fomu, na maelezo ya bwana shamba juu ya mashimo ya ngoro au magonjwa ya mibuni.

Vyumba vitano vyatosha. Ubao wenye vyumba 30 na watu 12 ni kama nyumba kubwa isiyo na moto jikoni: mgeni hupita chumba baada ya chumba asikute mtu, naye harudi.

6. Zamu ya usiku

Vyama vyetu vinne vikiwa na ubao kila kimoja, havihitaji kupigiana simu mchana kutwa. Hupanga saa ya usiku, tuseme saa nane, simu zinapokuwa chache. Ubao wa Mbinga huupigia wa Lituhi, huacha barua na kuchukua barua, hukata. Kisha huupigia wa Liuli, kisha wa Mbamba Bay. Asubuhi kila katibu hukuta barua za wote. Laini ya Liuli ikiwa imekatika, barua zake hungoja Mbinga mpaka kesho yake. Hazipotei.

Katika Fidonet kila ubao ulikuwa na anwani ya tarakimu: kanda, mtandao na kituo. Kituo cha 7 cha mtandao wa 100 katika kanda ya 5 kingeandikwa 5:100/7. Ni sawasawa na kumtambua mwanachama kwa chama kikuu, chama cha msingi na namba yake ya uanachama. Orodha ya vituo vyote ilitolewa upya kila wiki. Ilikuwapo pia saa moja ya kila siku ambayo ubao haukuruhusiwa kupokea watu, ila mbao wenzake tu. Aliyeivunja saa hiyo aliwazuilia wenzake barua, na asiyejirekebisha aliweza kuondolewa katika orodha. Mtandao mkubwa wa dunia nzima, usio na mwenye mali mmoja, ulisimama kwa sababu watu waliheshimu zamu.

7. Kazi za mtunza ubao

Hapa ndipo somo letu lenyewe lilipo. Mashine huweza kununuliwa kwa siku moja, lakini ubao huishi au hufa kwa tabia ya mtunzaji wake.

Kwanza, kila tangazo liwe na tarehe na jina la aliyeliandika. Mwandishi wa somo hili alikuwapo siku moja katika ofisi ya chama kimoja mzee mmoja alipoingia, ameshika fimbo, amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amesoma bei ya kahawa kwenye ubao wa nje, na kwa bei hiyo amekwisha kumwahidi mwalimu ada ya mjukuu wake. Karani alipofungua daftari aliona kwamba bei ile ni ya msimu uliopita. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mzee. Aliyeiandika alisahau kuifuta, na hakuwa ameweka tarehe. Karani alisema, “Tusamehe, mzee.” Mzee hakugomba. Alisimama kidogo, akauliza, “Sasa mwanangu, ubao wenu husema na nani?” Kisha akaondoka. Tangu siku hiyo mwandishi huyu hathubutu kuandika bei pasipo tarehe pembeni.

Pili, mtunza ubao asome ubao kila siku na kujibu. Swali likikaa wiki bila jibu, aliyeuliza hatauliza tena, na walioliona swali lake hawatauliza pia.

Tatu, afanye nakala. Kila jioni yaliyomo yanakiliwa kwenye diski nyingine, na kila wiki nakala moja huwekwa nje ya ofisi, kwa mjumbe wa kamati. Ushirika wa nchi hii umeona mageuzi makubwa. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na sheria nyingine zikafuata, ya sasa ikiwa ya mwaka 2013. Katika mageuzi yoyote ofisi huhamishwa na makabati hufunguliwa. Mwanachama atakayedai malipo yake baadaye hana shahidi ila karatasi. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari bila nakala halijawa daftari.

Nne, asitangaze siri za watu. Deni la mwanachama, ugonjwa wake, na ugomvi wa nyumba yake si habari za chumba cha majadiliano. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la adabu tu, ni la sheria. Mtunza ubao aelewe pia kwamba anazo funguo za barua zote. Asizifungue, na wanachama waambiwe mapema kuwa uwezo huo upo.

Tano, asifute neno kwa sababu linamuudhi. Matusi yafutwe, uongo usahihishwe, lakini lawama juu ya kamati iachwe na ijibiwe. Ubao unaosifu tu uongozi hausomwi. Kanuni za kufuta ziandikwe, zipitishwe na mkutano, na kila kilichofutwa kiandikwe katika daftari pamoja na sababu.

Sita, awepo msaidizi anayejua yote ayajuayo mtunza ubao, pamoja na maneno ya siri, yaliyoandikwa na kutiwa katika bahasha iliyofungwa na kuwekwa kwenye sanduku la fedha. Ubao unaotegemea mtu mmoja hufa siku mtu huyo anapopata uhamisho. Mbao nyingi sana duniani zilikufa hivyo, bila tangazo: simu ililia, hakuna aliyepokea.

8. Ubao huo leo

Mwanachama ataweza kuuliza: tuna simu za mkononi mpaka Lituhi, na lami imefika Mbamba Bay, ya nini habari za kale? Swali ni la haki.

Twajibu hivi. Simu ya mkononi imeondoa umbali, haikuondoa haja ya katibu. Makatibu wengi leo hutoa matangazo kwenye makundi ya simu. Tangazo la bei hutumwa saa tatu asubuhi, na ifikapo saa sita limezikwa chini ya salamu, picha za harusi na rambirambi. Anayejiunga kesho huenda asilione. Kundi ni la simu ya mtu, si la chama. Katibu akiibiwa simu, au akiachishwa kazi kwa ugomvi, kumbukumbu za chama zimekwenda naye. Kasi tunayo, lakini hatuna kabati.

Ubao wenyewe wa kupigiwa kwa modemu haufai juu ya simu ya mkononi, kwa kuwa mitambo yake huifinya sauti ya mtu kwa namna inayoiharibu milio ya modemu. Hata hivyo programu za mbao hazikufa. Synchronet, kwa mfano, hupatikana bure na huweza kuendeshwa na kompyuta ndogo inayotosha kiganjani. Ikiunganishwa na kifaa cha kurusha mawimbi ya karibu, wanachama walioko uwanjani kwenye mizani wataweza kuusoma ubao kwa simu zao bila kununua bando hata kidogo. Barua za kwenda chama kingine zaweza kungoja intaneti ipatikane, au kubebwa kwenye diski ndogo na mjumbe anayesafiri. Hakuna aibu katika hilo. Kupokea, kuhifadhi na kupeleka hakujali kama kipelekacho ni waya, setilaiti, au kijana aliyepanda basi la kwenda Liuli.

Na chama kisicho na uwezo huo kianze na kanuni peke yake. Tangazo rasmi liwe na namba, tarehe na jina. Lihifadhiwe mahali pawili. Chumba cha matangazo kitengwe na chumba cha mazungumzo, hata katika makundi ya simu. Awepo msaidizi. Mambo haya hayana gharama ila nidhamu.

9. Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tangazo la mwisho la bei katika chama chenu liliandikwa na nani, lini? Je, nakala yake yaweza kupatikana leo?

2. Ubao wenye laini moja uko wazi saa 10 kwa siku, na kila msomaji anapewa dakika 15. Ni wasomaji wangapi wanaweza kuhudumiwa? Wakiwa 60 wanaotaka kusoma kila siku, kamati ifanye nini?

3. Mwanachama ameandika katika chumba cha majadiliano kwamba mizani ya chama inapunja. Mtunza ubao afute, ajibu, au afanye lipi?

4. Katibu wenu akihamishwa kesho asubuhi, taja vitu ambavyo atakayempokea hatavipata.

5. Chagueni kumbukumbu tatu za chama zinazostahili kuwa na nakala nje ya ofisi. Mjumbe gani azitunze, na nani amkague?

Majibu ya swali la pili: wasomaji 40. Kwa sehemu yake ya mwisho, na kwa maswali mengine, jibu sahihi ni lile litakaloandikwa katika muhtasari wa kikao chenu, likiwa na tarehe.